Saa bila daftari hupotea bila habari

Katikati ya Desemba 2023, siku chache kabla ya uchaguzi, nilishuka kwenye pikipiki pale Katogota nikiwa nimekumbatia boksi la vijitabu 60. Barabara ya taifa nambari 5, ile inayotoka Bukavu kupitia Kamanyola hadi Uvira, ilikuwa imejaa magari ya kampeni na muziki. Nilikwenda moja kwa moja hadi shule ya msingi kumtafuta mwalimu mmoja tuliyemwahidi vijitabu hivyo tangu Juni. Nilimkuta akisahihisha karatasi za mtihani. Alifungua kijitabu, akasoma ukurasa wa kwanza, akatabasamu, maana maneno yalikuwa ya kwao: sehemu za jembe, hatua za kupanda mihogo, aina za udongo wa bondeni, kwa Kifuliiru na kwa Kiswahili. Kisha akauliza kwa upole: "Sasa hiki ni cha kufundisha lini, mwanangu? Muhula umekwisha."

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumesema "mwanzo wa Septemba", shule zinapofunguliwa na watu wanapoanza kupanda. Mama Mwalimu alikuwa ameacha nafasi katika masomo yake kwa ajili yetu. Miezi mitatu na nusu nafasi hiyo ilibaki wazi.

Katogota ni nyumbani kwa mama yangu, kwa hiyo aibu ile niliipata mara mbili: kama mwanafunzi na kama mtoto wa pale. Na kuna jambo ambalo wenzangu wa kikundi hawakulijua mpaka mama alipowaeleza. Katogota ni kijiji kinachowajua wageni wenye madaftari. Tarehe 14 Mei 2000 raia wengi waliuawa pale, na mauaji hayo yametajwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 kuhusu ukiukaji wa haki nchini mwetu kati ya 1993 na 2003. Kwa sababu hiyo watu wamekuja mara nyingi kuuliza na kuandika. "Sisi tunasema," mama aliwaambia, "wao wanaandika, halafu tunangoja." Nasi tulikwenda tukauliza, tukaandika, tukawaacha wangoje. Hatukuwauliza habari za vita, tuliuliza habari za mihogo. Lakini kwa anayengoja, tofauti iko wapi?

Nataka kueleza kwa nini tulichelewa, kwa sababu naamini vikundi vingi vya kitivo chetu huchelewa kwa namna hiyo hiyo, na kwa sababu maelezo tunayowapa walimu wetu mara nyingi si ya kweli. Kwa mwalimu aliyetusimamia tuliandika: umeme, mvua, barabara, ugonjwa. Yote hayo yalitokea. Lakini umeme ulikatika hata siku ambazo hatukuwa na nia ya kufanya kazi, na mvua zilianza tulipokuwa tumeshachelewa. Sababu yenyewe ni ndogo na ya aibu zaidi: hakuna hata mmoja wetu aliyejua nani anafanya nini, na hakuna aliyejua kazi iliyobaki ni ya saa ngapi.

Mpango usio na nafsi

Mpango wetu wa kwanza bado ninao. Uliandikwa kwenye karatasi moja, nao unasema hivi: "Kukusanya maneno. Kunukuu rekodi. Kutafsiri. Kuhakiki. Kuchapa. Kupeleka kijijini." Vitenzi sita, vyote vikiwa vitenzi-jina. Sisi ni wanafunzi wa lugha. Tunajua kwamba kitenzi-jina hakina kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Hakimtaji mtendaji wala hakitaji siku. Tulikaa watu sita tukaikubali karatasi ile, na kila mmoja akaondoka akiamini kwamba ule "kunukuu" ni wa mwenzake.

Mikutano iliyofuata haikuwa bora zaidi. Nikisoma kumbukumbu zake naona: "Rekodi zitanukuliwa wiki ijayo." "Tafsiri itafanyika." "Majina ya mimea yatahakikiwa." Darasani tunafundishwa kwamba kauli ya kutendwa yaweza kumficha mtendaji, na kwamba kauli ya kutendeka hutaja tendo kana kwamba halihitaji mtu. Katika mtihani tunalieleza jambo hilo vizuri na kupata alama. Katika kikundi tunaitumia sarufi hiyo hiyo kujificha. "Itafanyika" ni neno la adabu na la amani, halimgombezi mtu. Ndiyo sababu tunalipenda, na ndiyo sababu kazi haifanyiki.

Linganisha na neno moja tu: nitazinukuu. Kiambishi ni- kinataja mtu. Kiambishi -ta- kinataja wakati. Kiambishi -zi- kinataja kitu, yaani zile rekodi. Mzizi unataja tendo. Lugha yetu imeweka ndani ya neno moja karibu kila kitu ambacho vitabu vya usimamizi vinatutaka tukichore katika jedwali. Kilichobaki ni kuongeza tarehe na kiasi: "Jumanne tarehe 11 nitanukuu dakika 15 za kwanza za rekodi ya pili." Sentensi kama hiyo inaweza kuulizwa Jumatano. "Kunukuu rekodi" haiwezi kuulizwa siku yoyote.

Sidhani tunahitaji kwenda mbali kujifunza hili. Mama yangu hakuvuka shule ya msingi, lakini daftari la likilimba yao halina kosa letu. Kila ukurasa una jina la anayetoa, kiasi, tarehe, jina la anayepokea, na alama ya kidole au sahihi. Hakuna mstari unaosema "pesa zitatolewa". Wakina mama wale wanajua kwamba siku zamu ya mtu ikiruka bila maelezo, likilimba imekufa, na pamoja nayo urafiki wa miaka. Wanaandika kwa sababu wanapendana na wanataka kuendelea kupendana. Sisi, ambao tunaandika kila siku darasani, tuliona aibu kuandika jina la mwenzetu mbele ya kazi.

Kisha kuna saa yenyewe. Siku ya kwanza ya kunukuu, mmoja wetu aliandika kwenye kikundi cha WhatsApp: "Tukutane saa 8." Watatu walifika asubuhi, kwa sababu walikuwa wakifikiri kwa Kifaransa na simu zao zinaonyesha 08:00. Watatu, mimi nikiwamo, tulifika saa nane mchana. Kila upande ulingoja, kisha ukaondoka ukiulaumu upande wa pili. Siku nzima ikapotea kwa tarakimu moja. Tangu hapo tunaandika "saa mbili asubuhi, 08:00" hata kama inachekesha. Wanaofanya kazi na wenzao wa Kinshasa wakumbuke pia kwamba sisi wa mashariki tuko saa moja mbele yao, na wanaoshirikiana na Kigoma wakumbuke kwamba Tanzania iko saa moja mbele yetu.

Kile ambacho hatukupima

Rekodi zetu zilikuwa za saa saba. Katika mkutano wa Juni mkuu wa kikundi aliuliza kunukuu kutachukua muda gani. Mmoja akasema wiki moja, mwingine akasema tatu, tukakubaliana mbili kama watu wanaopatana bei sokoni. Hakuna aliyewahi kupima.

Ilikuwa Agosti ndipo mwenzetu mmoja alipoanza kuandika saa zake. Yeye husaidia katika duka la shangazi yake, na shangazi huyo haruhusu hata paketi moja ya biskuti itoke bila kuandikwa. Kwa mazoea hayo akaanza kuandika pembeni mwa daftari: nimeanza saa kumi, nimeacha saa kumi na mbili kasorobo, nimefika dakika ya 12. Baada ya siku tatu alijumlisha. Nusu saa ya rekodi ilikuwa imemla saa nne na nusu. Yaani saa moja ya sauti ni saa tisa za kazi.

Mwanzoni tulimcheka kwamba ni mvivu. Kisha sisi wengine tukajipima, tukakuta mambo ni yale yale. Kifuliiru ni lugha yenye toni, na urefu wa irabu una maana. Jina lenyewe la lugha linaandikwa kwa irabu mbili. Usipoisikiliza sentensi mara nne au tano utaandika neno lingine kabisa. Katika rekodi zetu wazee wanazungumza kwa pamoja, kuku wanalia, pikipiki zinapita. Mara nyingi ilitubidi kurudi kwenye juzuu mbili za sarufi ya Kifuliiru za Karen na Roger Van Otterloo, zilizochapishwa mwaka 2011, ili kuhakikisha namna ya kuandika umbo fulani. Kila safari ya namna hiyo ni robo saa.

Basi tukafanya hesabu ambayo tungeifanya Juni. Saa saba mara tisa ni saa 63. Kati ya watu sita, wawili tu walijua kuandika Kifuliiru vizuri: saa 31 na nusu kwa kila mmoja. Kila mmoja wao alikuwa na nafasi ya saa sita kwa wiki, baada ya masomo na kazi za nyumbani. Hiyo ni zaidi ya wiki tano, kwa kunukuu peke yake, kabla ya kutafsiri neno moja. Sisi tulikuwa tumetangaza wiki mbili. Hatukuchelewa Septemba. Tulikuwa tumechelewa tangu siku ile ya Juni tulipotoa ahadi, ila hatukuwa na chombo cha kutuambia.

Septemba tulifanya kosa la pili: tukaita marafiki wawili watusaidie. Walikuwa na moyo, lakini hawakujua maandishi ya Kifuliiru. Wale wawili waliokuwa wakinukuu wakaacha kunukuu ili wawafundishe, kisha wakatumia saa nyingine kusahihisha kazi yao. Baadaye nilisoma kwamba Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa ya kompyuta katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Tungeweza kumpa ushahidi kutoka Uvira.

Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu, na hili nalisema kwa wale wanaopenda kusema kwamba Mwafrika hajali saa. Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti uliohusu wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria kumaliza kwa siku 33.9. Walitumia siku 55.5. Hata walipoombwa wataje muda iwapo kila kitu kingeharibika, wastani wao ulikuwa siku 48.6, na bado haukutosha. Watu hao hawakupita barabara yetu wala hawakungoja umeme wetu. Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wameshaeleza kosa hilo mwaka 1979: mtu akikadiria kazi huitazama kazi iliyo mbele yake kana kwamba ni ya kwanza duniani, hatazami kazi za namna hiyo zilizopita zilichukua muda gani.

Wanalugha tunao mfano wetu mkubwa. Mwaka 1879 James Murray na matbaa ya Chuo Kikuu cha Oxford walikubaliana kutengeneza kamusi kubwa ya Kiingereza kwa miaka kumi. Mwaka 1884, miaka mitano baadaye, sehemu ya kwanza ilitoka, nayo ilianzia A na kuishia kwenye neno "ant". Murray alifariki mwaka 1915. Kamusi ilikamilika mwaka 1928. Hakuna anayesema Murray alikuwa mvivu. Lakini hakuna aliyekuwa na daftari la kumwambia, siku ile ya 1879, neno moja linakula saa ngapi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaitumia methali hiyo kwa pesa. Mwanafunzi wa kwetu, ambaye pesa hana, mali yake kubwa ni saa zile chache za mchana kabla giza halijaingia na simu haijaisha chaji. Mali hiyo ndiyo tunayoitumia bila kuandika.

Mwaka uliofuata, ziwani

Mwaka 2024 kikundi chetu kilipewa kazi nyingine: msamiati wa wavuvi wa Kalundu na pwani ya Uvira, majina ya samaki, nyavu na sehemu za mitumbwi. Mara hii tulianza na mambo mawili tu. Kwanza, ukurasa mmoja wa mpango, ambamo kila mstari ni sentensi kamili yenye nafsi, tarehe na kiasi. Pili, daftari moja la shule la franka chache, lenye safu nne: jina, nimeanza, nimeacha, nimefika wapi. Wenye simu nzuri walitaka tutumie programu. Tulikataa, kwa sababu daftari halihitaji chaji na kila mtu anaweza kulisoma likiwa mezani.

Kuandika mpango kwa namna hiyo kulitulazimisha kuuliza maswali ambayo mwaka wa kwanza hatukuyauliza. Tulipoandika "Nitawahoji wavuvi watatu usiku wa Jumatano", mwenzetu aliyezaliwa Kalundu alicheka. Anayevua ndagala kwa taa hufanya kazi usiku wa giza. Usiku huo hayuko kwako, na mchana wake analala. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, naye yuko ufukoni akishona nyavu, ana muda na ana hadithi. Tukahamisha mahojiano yote hadi siku za mbalamwezi. Ratiba yetu ikafuata mwezi, kama ya wenyewe wavuvi. Mtu akiniambia kupanga kazi ni mambo ya kigeni, humpeleka Kalundu.

Je, kila kitu kilikwenda sawa? Hapana. Mmoja wetu aliuguliwa na mtoto akakosekana siku tisa. Kwa siku mbili hatukuweza kusafiri. Lakini Jumanne ya wiki ya pili, tulipojumlisha daftari, tuliona kwamba kati ya saa 40 tulizopanga kwa kunukuu tumeshatumia 19, na rekodi tulizomaliza hazijafika hata theluthi. Hakuna aliyemgombeza mwingine. Namba ziliongea. Jioni ile ile tuliamua kupunguza orodha kutoka maneno 200 hadi 140, tukaacha yale ya kutengeneza mitumbwi kwa kikundi kitakachofuata. Tukamwambia msimamizi wetu wiki hiyo hiyo, na tukawaambia wavuvi. Tulikabidhi kazi siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho.

Hapo ndipo nilipoelewa faida ya vitu hivi viwili. Havikuongezei kasi. Mwenzetu ananukuu kwa mwendo ule ule wa mwaka jana. Vinakuambia ukweli mapema, wakati bado unaweza kuchagua: kupunguza, kuomba siku, kugawana upya. Kikundi kisicho na daftari nacho huujua ukweli, lakini huujua usiku wa mwisho, ambapo hakuna la kuchagua isipokuwa uongo.

Tulijifunza pia kuyaogopa maneno fulani. "Iko karibu kuisha." "Niko namalizia." "Bado kidogo." Ni maneno mazuri ya kusalimiana, lakini hayana kiasi. Tulikubaliana kwamba anayeulizwa atajibu kwa namba: bado dakika 40 za rekodi, bado kurasa sita. Mwanzoni ilionekana kama ukali. Baada ya wiki moja ilikuwa nafuu, kwa sababu anayesema "bado dakika 40" hupata msaada, na anayesema "bado kidogo" huachwa peke yake.

Pingamizi ninazozisikia

La kwanza husemwa hivi: huku kwetu huwezi kupanga. Barabara inakatika, vita vinakuja, umeme hauna ratiba. Nimekulia katika bonde hili na sitalidharau neno hilo. Lakini anayeishi mahali penye mashaka ndiye anayehitaji zaidi kujua kipi kifanyike kwanza. Mkulima wa Katogota hajui mvua itanyesha siku gani, wala hajui kama atavuna kwa amani. Hata hivyo mbegu zake zimehesabiwa kabla ya Septemba. Kama siku mbili tu za wiki ndizo salama kusafiri, basi inafaa ijulikane tangu mapema nani atasafiri siku hizo na kwa kazi gani. Mpango wetu wa ziwani ulikuwa na mistari mitatu iliyoandikwa "kama njia imefungwa". Tuliitumia miwili.

La pili ni zito zaidi: kuandika saa ni kuchungana. Mwenzetu mmoja alisema hakuja chuo kikuu kuwa kibarua wa mashamba anayepigwa alama asubuhi na jioni. Ana haki ya kuogopa. Daftari likiwa mikononi mwa mtu mbaya huwa fimbo. Kwa hiyo tuliweka masharti. Daftari ni la kikundi, halisomwi kumlinganisha mtu na mtu. Tulilisoma kwa swali moja tu: kazi iliyobaki ni ya saa ngapi? Aliyeuguliwa na mtoto aliandika saa chache kuliko wote, na hakuna aliyemhukumu. Aliyekuwa na mwendo wa polepole kuliko wote katika kunukuu ndiye aliyekuwa na makosa machache kuliko wote. Kama tungemhukumu kwa kasi, tungempoteza mnukuzi wetu bora.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: ukiandika jina la mwenzako mbele ya kazi, umemshuku. Najibu kwa daftari la mama. Tunaandika kati ya watu tunaotaka kuendelea nao.

Ninachokiomba

Kwa wanafunzi wenzangu naomba jambo dogo. Kabla ya kikundi chako kuondoka kwenye mkutano wa kwanza, chukua mpango na utafute kila kitenzi-jina, kila "-wa" na kila "-ika". Uliza nafsi iko wapi. Kisha nunua daftari.

Kwa walimu wetu, ambao tunawaheshimu na tunajua mzigo wao, naomba mambo matatu. Kwanza, mpango wa ukurasa mmoja na daftari la saa viambatanishwe na kila kazi ya kikundi. Visipewe alama kwa wingi wa saa, bali kwa kuwapo na kwa ukweli wake. Kikundi kikijua kwamba daftari zuri ni lile lenye saa nyingi, kitatunga saa.

Pili, tarehe ya mwisho iwe ya mwisho. Tumezoea tarehe ya kwanza inayotangazwa, ya pili ambayo kila mtu anaingoja, na ya tatu ambayo ndiyo ya kweli. Katika hali hiyo mwanafunzi anayepanga ndiye anayeonekana mjinga. Na kama kazi zetu zina siku ya kutolewa, itapendeza masahihisho nayo yakiwa na siku ya kurudi, ili mradi unaofuata ujengwe juu ya makosa yaliyokwisha kuonekana.

Tatu, kitivo kihifadhi madaftari hayo. Rafu moja inatosha. Kikundi cha mwaka ujao kitakachotaka kurekodi Kivira, Kibembe au Kiswahili cha Bonde la Ruzizi kisipatane muda kama bei ya nyanya. Kifungue daftari la waliotangulia kione: saa moja ya sauti, saa tisa za kazi. Labda wao watapata nane, labda kumi na mbili. Lakini wataahidi wakijua.

Na katika mpango wa kila mradi wa nyanjani kuwe na mstari wa mwisho ambao haupo katika mipango mingi niliyoiona: nani atarudisha kazi kwa waliotupa maneno, siku gani. Sisi tuliuandika kama "kupeleka kijijini", na tumeona ulikoishia. Matokeo yake hayakuwa yetu peke yetu. Miezi michache baada ya kuchelewa kwetu, wanafunzi wengine walifika Katogota kutaka methali. Mzee mmoja, ambaye sisi alikuwa ametupa karibu saa nzima ya maneno ya mihogo, aliwakaribisha viti, akawauliza wanatoka wapi, kisha akakataa kurekodiwa. "Wale wa kwanza walisema Septemba," aliwaambia. Wenzetu hawa hawakuwa na kosa lolote. Walilipa deni letu.

Nilirudi kwa Mama Mwalimu mara ya pili. Vijitabu vilikuwa vimetumika muhula uliofuata, vimechakaa kwenye pembe, na watoto walikuwa wameongeza kwa kalamu ya risasi maneno tuliyoyasahau. Aliniuliza kama kutakuwa na sehemu ya pili, ya maneno ya mahindi na maharage. Nilitaka kusema "itatoka karibuni". Ulimi ulikuwa tayari. Nikasema: "Nitakuletea mimi mwenyewe, Mama Mwalimu, tarehe 30 Agosti, maneno 80." Hakusema kitu. Alifungua daftari lake la masomo, akaandika jina langu, tarehe na ile 80, akapiga mstari chini yake.